Pete Mbili Juu ya Meza ya Terpstra

"Mimi nikiingia mahali pa tukio," alisema Emmett Loomis akikung'uta theluji mabegani, "hata vumbi halijui kama nimepita. Siachi alama. Muulize yeyote hapa Veldkamp."

Hapakuwa na wa kuulizwa. Bwana Hendrik Terpstra, mwenye kiwanda cha viatu na mwenye nyumba, alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kulia akitafuna masharubu. Mkewe Cornelia alikuwa akitazama vijito viwili vya maji vinavyochuruzika kutoka kwenye buti za mpelelezi kuelekea kwenye zulia. Lakini mama huyo alilelewa akaleleka. Akasema tu, "Sifa zako tumezisikia."

"Mlizosikia ni nusu. Nusu ya pili naificha nisije nikaonekana najisifu."

Kijana huyu ndiye aliyekuwa mpelelezi pekee wa polisi katika mji ule wa Waholanzi wa Michigan, na mpaka asubuhi hiyo kesi yake kubwa ilikuwa ya bata mzinga aliyetoweka kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Bata alipatikana. Alipatikana tumboni mwa mlalamikaji, lakini kupatikana ni kupatikana.

Leo kesi ilikuwa ya meza, na si meza ya kukatia vitunguu. Ilikuwa meza ya mwaloni mweupe, nzito kama dhambi ya Jumapili, miguu yake minne minene ikipanda mpaka juu ya ubao na kubeba taa ya kioo kila pembe. Aliyeichora ni msanifu Alden Pryce wa Chicago, yule yule aliyeichora nyumba, viti, taa, mapazia, na ambaye fununu zilisema alitaka kumchorea hata mama Cornelia gauni lisilogombana na ukuta. Kila msimu Pryce alipita bila kualikwa kuona kama kuna aliyesogeza kiti. Watu wa Veldkamp walikuwa wamezoea Mungu aonaye yote. Msanifu aonaye yote alikuwa mgeni kwao.

"Jana alikuja kuifungasha meza iende kwenye maonyesho Chicago," alieleza Bwana Terpstra. "Akasimama hapo hapo uliposimama. Akatazama. Akawa mweupe. Akasema, 'Hii si meza yangu.' Halafu akaomba maji."

"Kwa nini si yake?"

"Ni fupi. Ukisimama mlangoni, ukingo wa meza na kizingiti cha dirisha lile vinatakiwa kuwa mstari mmoja. Mstari huo ndio fahari yake. Sasa tazama."

Loomis akatazama. Kweli, meza ilikuwa chini ya kizingiti kwa upana wa kiganja.

"Msiguse kitu," akaamuru. "Mtu yeyote asiguse kitu."

Akazitoa pingu zake kiunoni, ambako zilikuwa zimening'inia njia nzima kwenye gari la theluji na kujaa barafu kila pingili, akazibwaga juu ya meza zisimchome ubavuni. Kisha akajilaza chali, akaingia chini ya meza kama fundi wa magari. Viti vilikuwa vimeizunguka meza pande zote, migongo yake mirefu ya fito za mwaloni ikisimama kama ua wa boma. Alipojiburuza kupita upande wa jiko la kuni, kichwa chake kikagonga kigoda kidogo cheusi. Akakisukuma huko kwa kiwiko. Kiti kimoja kikalia kwiii.

"Mbao zinaongea kwa baridi," akasema kutoka huko chini, kwa sauti ya mtu ajuaye mbao.

Alipapasa kila mguu kuanzia juu mpaka kwenye kitako chake kipana. Hakuna chale ya msumeno, hakuna kipande kilichobanduka. Vitako vyote vinne vilikuwa safi, vimepakwa nta, rangi moja na mwili. Akatoka akiwa na buibui nyweleni na furaha moyoni.

"Mabwana na mama, miguu hii haijakatwa. Na meza haiwezi kusinyaa kama soksi. Basi kama ya kwanza ilikuwa ndefu na hii ni fupi, ni meza mbili. Kuna mtu amewabadilishia. Nani amewahi kuitoa hii meza humu ndani?"

Mume na mke wakatazamana.

"Joris Kuiper," akasema Cornelia kwa shida. "Seremala aliyeitengeneza. Tulipokwenda Chicago vuli iliyopita aliichukua kuondoa mkwaruzo, akairudisha kabla hatujafika. Lakini Joris si mtu wa..."

"Wezi wote si watu wa," akasema Loomis. "Na nani mwingine alikuwa nyumbani?"

"Mama mkwe tu. Bibi Wietske. Mchana kutwa anasinzia, usimsumbue."

"Wazee nawaachia usingizi wao." Akaziokota pingu.

Bwana Terpstra akamfuata mpaka barazani, akafunga mlango nyuma yake. "Sikiliza, kijana. Joris ndiye aliyelichonga jeneza la baba yangu. Mwezi ujao anapewa usimamizi wa karakana nzima, na ana mtoto wa kunyonya. Mji huu wote unasali kanisa moja. Ukimpitisha mtu barabarani na pingu, hata kesho ukasema ulikosea, hakuna atakayempa ubao wa kupigilia banda la kuku. Uwe na hakika."

"Bwana Terpstra, mimi nikikosa hakika hutaniona nafungua mdomo."

Na akaenda zake akipiga mluzi, mdomo wazi.

*

Karakana ilikuwa nyuma ya kituo cha reli. Joris Kuiper alikuwa mtu mrefu, mikono kama makasia, na maneno alikuwa akiyatoa mojamoja kama anayetoa misumari kwenye ubao wa thamani. Nyuma yake palisimama hema la turubai lililofungwa kila upande.

"Humo kuna nini?"

"Kabati. Linafukizwa."

Loomis alijua kidogo habari hiyo. Samani za Pryce hazikupakwa rangi. Zilifukizwa, kama bibi harusi anavyofukizwa, ila kwa bibi harusi ni udi na kwa mwaloni ni amonia, mpaka mbao ikaiva ikawa kahawia toka ndani.

"Usifungue," akasema Joris.

Mtu akimwambia mpelelezi usifungue, amemwandikia barua ya mwaliko. Loomis akaidaka ncha ya turubai, akaingiza kichwa chote. Alichokiona humo hajui mpaka leo. Alitoka anayumba, machozi yanamwagika, pua inamwagika, akatafuta ukuta wa kuegemea akakuta rafu ya randa.

"Nilikwambia," akasema Joris, akampa kitambaa.

"Tuendelee na mahojiano. Hapa anayehojiwa ni wewe."

"Sawa. Ila anayelia ni wewe."

Vijana watatu waliokuwa wakipiga msasa wakajikuta wana kazi ya haraka iliyohitaji wageuze migongo. Loomis akajifuta.

"Uliichukua meza ya Terpstra?"

"Niliichukua."

"Ukarudisha ile ile?"

"Ile ile."

"Mbona imepungua?"

Joris akachukua kipande cha mbao, akakiangalia kama kina jibu, akakirudisha. "Kuna watu warefu, mpelelezi, na kuna watu wafupi."

"Usinipige mafumbo. Aliyekutuma ni nani? Kuna tajiri gani Detroit anayekula kwenye meza ya Pryce sasa hivi?"

"Sijatumwa na Detroit."

"Basi umetumwa."

Masikio ya Joris yakawa mekundu. "Nilimpa mtu neno langu," akasema. "Neno nililompa si langu tena kulitoa."

Loomis akahisi damu yake inakimbia. Neno. Mtu. Njama. Katika kesi ya bata mzinga hapakuwa na njama hata ya kulambia. Macho yake mekundu yakazunguka karakana yakitafuta ushahidi wa kuoana na neno hilo, yakatua kwenye jiko: pale, ndani ya sufuria ya maji moto, kilikaa kikopo cha chuma cha gundi, kidogo, mviringo, kinatiririsha maji. Wakati huo hakikumwambia kitu. Akakitazama tu kwa sababu hakikumtazama na kumcheka.

*

Kesho yake asubuhi alimkuta Pryce mwenyewe nyumbani kwa Terpstra. Msanifu alikuwa na tai pana na sura ya mtu aliyefiwa, akizunguka chumba akirudisha vitu mahali pake kwa ncha ya kidole.

"Na hiki kigoda," alikuwa akimwambia Cornelia, "nani alikileta? Sikukichora."

"Ni cha mama, cha kuwekea miguu. Bwana Pryce, njoo kwanza uone hili balaa. Nimetandua sasa hivi kitambaa cha jana jioni nipige nta."

Loomis akafika kabla ya Pryce. Juu ya ubao, karibu na ukingo, mwaloni ulikuwa na pete mbili nyeusi, kila moja pana kama mdomo wa kikombe, zimekaa bega kwa bega. Katikati yake vitone vitatu vidogo. Kila pete ilikuwa na uvimbe upande mmoja.

"Mwaloni na chuma chenye maji," akasema Pryce kwa uchungu. "Ule ukali ulio ndani ya mbao ukikutana na chuma kilicholowa, unageuka wino. Mtu ameweka chuma kibichi juu ya meza. Mshenzi gani huyo?"

Hapo ndipo kikopo cha gundi kilipomrudia Loomis, kinatiririsha maji, kikiwa kimevaa utukufu. Moyo ukamruka kama samaki ndoanoni.

"Bwana Pryce, usimlaani. Mshukuru, ametutilia sahihi. Mwizi aliingiza meza bandia humu ndani, akaona kiungo kimelegea njiani, akatia gundi hapa hapa. Akatua kikopo chake cha chuma, alama hii hapa. Akakiinua, kikadondosha matone, haya hapa. Akakitua tena. Huu uvimbe ni mahali pa mkono wa kikopo. Nitamleta mtu na kikopo chake, kikutane na doa."

"Lakini jana doa hili halikuwepo," akasema Cornelia.

"Mama, jana hukutazama kwa jicho la kipelelezi."

"Meza hii naifuta kila siku baada ya kifungua kinywa. Juzi halikuwepo. Jana asubuhi halikuwepo."

"Ndivyo mazoea yanavyopofusha," akasema Loomis kwa upole mkubwa, akamtuma Bwana Terpstra karakana amwite Joris na kikopo chake cha gundi.

Walipokusanyika, chumba kilijaa. Joris alisimama na kikopo mkononi, mkewe Aaltje ameingia nyuma yake bila kuitwa, mtoto begani, shuka limemfunika kichwa kwa baridi. Loomis hakupenda mtoto awepo, kwani alikuwa amepanga kupaza sauti. Akamnong'onezea Aaltje kwamba angeweza kusubiri sebuleni.

"Mume wangu akisombwa, nitasombwa nikiwa naona," akajibu Aaltje.

Loomis akakohoa, akaanza. Akaeleza mstari wa dirisha. Akaeleza miguu isiyokatwa. Akaeleza safari ya Chicago na karakana isiyo na shahidi, akizungukazunguka meza, vidole nyuma, kila sentensi ikimpa nguvu ya inayofuata, mpaka Pryce akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali na Bwana Terpstra akaacha kutafuna masharubu. Hata Loomis alijisikiliza akajiona mtamu.

"Sasa kikopo."

Joris akakitua juu ya pete ya kwanza. Kikakaa ndani yake, kikabakiza nafasi ya kupitisha penseli.

"Kinapwaya," akasema Cornelia.

"Chuma husinyaa kwa baridi, mama."

"Kimetoka kwenye jiko la karakana, bado kinafuka mvuke."

"Na huo uvimbe?" akauliza Bwana Terpstra. "Kikopo hiki mkono wake uko juu. Haugusi meza."

"Bwana Terpstra, ukitaka ushahidi ulingane kila mahali, kamuulize fundi cherehani. Joris Kuiper, una la kusema?"

Joris akamtazama mkewe, kisha akatazama upande wa jiko, halafu chini. "Meza ni ile ile. Zaidi ya hapo nilishatoa neno."

"Basi nyosha mikono."

Mikono ile mikubwa ikanyooka. Aaltje akamgeuza mtoto uso ukutani. Loomis akazitoa pingu kiunoni, zikalia, na mlio wake ukamwendea vizuri masikioni.

"Hebu ngoja," ikasema sauti kutoka kwenye kiti.

Hakuna aliyejua ni kiti gani, mpaka kimoja upande wa jiko kikalia kwiii na uso mdogo ukachungulia pembeni ya zile fito ndefu: kofia nyeupe ya wanawake wa Friesland, kule Uholanzi, na mashavu yanayosogezasogeza peremende.

"Mama," akasema Bwana Terpstra, "tulidhani umelala."

"Mtu akiwa mfupi mnadhani amelala. Joris, mwanangu, nakufungulia neno lako. Umelibeba vya kutosha." Bibi Wietske akamgeukia Pryce. "Baba, mezani kwako nilikuwa naila supu ya njegere kidevu kikiwa kwenye ubao kama mtoto wa miaka minne. Miaka miwili. Nikimwambia Hendrik, ananiambia, 'Mama, Bwana Pryce hatapenda.' Nikimwambia Cornelia, 'Mama, Bwana Pryce atajua.' Nikajiuliza, mimi na Bwana Pryce nani atakufa kwanza. Waliposafiri nikamwita Joris. Akaikata miguu juu ya vitako, akatoa kipande kila mguu, akavirudisha vitako vyake chini, akafukiza, akapaka nta. Kazi yake huyo huwezi kuiona, hata ukilala chini ya meza." Akamtupia Loomis jicho. "Na ukitaka kuiona miguu ya meza yako, Bwana Pryce, iko chini ya miguu yangu."

Akakisukuma kigoda kwa kisigino. Pryce akapiga magoti. Kigoda kilikuwa vipande vinne vya mwaloni, upana wa kiganja kila kimoja, vimeunganishwa kwa gundi na kulainishwa kwa msasa; akavigeuza, akaupitisha mkono juu ya mishipa ya mbao aliyoichagua mwenyewe, na akakaa hapo sakafuni.

Aaltje akashusha pumzi. Lakini Loomis alikuwa kwenye gari lisilo na breki, na teremko lilikuwa tamu.

"Bibi, moyo wako ni mzuri na kigoda ni kizuri. Kigoda chochote kinaweza kuchongwa, na mzee anaweza kumhurumia kijana mwenye mtoto. Lakini doa, bibi. Doa halina huruma, halina ujamaa, halisali kanisa lenu. Kuna mtu aliweka chuma kibichi juu ya meza hii, akanyamaza. Huyo mtu ana siri, na siri ndiyo ninayoitafuta."

"Hapo umesema kweli," akasema bibi. "Doa halidanganyi. Kabla hujamvalisha huyo, hebu zilaze hizo pingu pale zilipolala jana."

"Zilipolala wapi?"

"Ulipoingia na theluji yako. Uliposema hata vumbi halijui kama umepita. Ukazibwaga pale, ukaenda kulala chini. Mimi nilikuwa kwenye kiti hiki hiki, na kichwa chako kiligonga kigoda changu."

Loomis akakitazama kiti. Kutoka mlangoni, mgongo wake ungeweza kuficha bibi wawili.

"Kiti kililia," akasema polepole. "Nikadhani ni baridi."

"Haikuwa baridi. Ni mimi nilikuwa najizuia kucheka."

Cornelia akakiondoa kikopo cha gundi kwa vidole viwili, akapisha nafasi. Loomis akainama. Alizishusha pingu taratibu, kama anayelaza mtoto, akiziombea moyoni zipwaye. Pete ikakaa kwenye pete. Uvimbe wa kufuli ukakaa kwenye uvimbe. Mnyororo ukajilaza juu ya vitone, pingili kwa pingili, kama kifuniko kilichorudi kwenye chungu chake.

Joris alikuwa bado amenyoosha mikono.

"Mpelelezi," akauliza kwa upole, "niishushe, au kuna mwingine unayetaka kumpa zamu?"

Loomis, bila kujitambua, akaificha mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo.